Kabla Nyumba Haijapigwa Mnada

Swali linakuja kwa sura nyingi lakini ni lile lile. Mama mmoja wa Lipingo, mwambao wa Ziwa Nyasa, anasema mumewe alikopa fedha za boti na injini, dagaa wakaadimika, sasa kuna barua ya benki mezani. Mwalimu anasema alimdhamini shemeji yake aliyekuwa akinunua kahawa huko Mbinga. Shemeji hapatikani kwa simu, na nyumba iliyowekwa rehani ni ya mwalimu. Kijana anasema baba amefariki, benki inadai, na nyumbani hakuna anayejua deni lilikuwa kiasi gani. Wote humalizia kwa kuuliza: nyumba ndiyo imekwenda?

Mara nyingi bado. Tangu siku uliposhindwa rejesho mpaka siku dalali anapogonga nyundo ni miezi, na sheria imeipangilia hatua kwa hatua. Watu wengi huipoteza miezi hiyo kwa kujificha. Simu inazimwa, ofisa mikopo akifika anaambiwa mzee yuko ziwani, bahasha inakaa juu ya kabati na muhuri wake. Makala haya ni kwa ajili ya miezi hiyo.

## Kwanza, nani anakudai?

Usianze kutafuta wakili kabla hujajua hili, kwa sababu kila mdai ana sheria yake na mkubwa wake wa kumlalamikia.

- Benki. Inasimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania (BoT). Peleka lalamiko kwanza kwa benki yenyewe, kwa maandishi. Wasipojibu au usiporidhika, BoT wana dawati la malalamiko ya wateja.
- SACCOS. Iko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mtu wa karibu wa kumwona ni afisa ushirika wa halmashauri.
- Mkopeshaji binafsi au kampuni ndogo ya mikopo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe na leseni ya BoT. Mwombe akuonyeshe leseni. Hawa wa "kausha damu" wengi hawana, na ukitaja neno leseni sauti zao hushuka.
- Kikundi cha VICOBA. Nacho kinatakiwa kusajiliwa, na usajili hufanyika kupitia halmashauri. Katiba ya kikundi ndiyo inayosema mwanachama akichelewa anafanywaje.
- Benki iliyofungwa. Hili linawahusu watu wa Mbinga na Nyasa moja kwa moja. Mei 2017 BoT iliifunga Mbinga Community Bank kwa upungufu wa mtaji, na Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Wapo waliofurahi wakidhani deni limezikwa na benki. Halikuzikwa. Mfilisi kazi yake ni kukusanya madeni ya benki ili awalipe waliokuwa na amana, na hati iliyowekwa rehani inabaki rehani. Kama uko katika kundi hilo, andika kwa Bodi uulize salio lako na hati yako iko wapi. Ukikaa kimya, hati nayo itakaa huko huko.

## Pili, ulisaini nini hasa?

Toa mkataba wote, hata kurasa za maandishi madogo. Kama huna nakala, omba. Ni haki yako. Kisha jibu maswali haya.

Ni rehani au ni mauziano? Baadhi ya wakopeshaji wa mitaani hawaandiki mkataba wa mkopo. Wanakusainisha hati ya mauziano ya nyumba mbele ya mashahidi, wakikuambia ni "utaratibu tu". Ukichelewa, wanakuja kama wanunuzi, hakuna notisi wala mnada. Ukiwa umeshaingia humo, kusanya ushahidi kwamba fedha ile ilikuwa mkopo: ujumbe wa simu, miamala ya marejesho, mashahidi waliokuwepo. Tafuta msaada wa kisheria mapema, kwa sababu kesi ya namna hii ni ngumu kuliko ya benki.

Uliweka dhamana ya nani? Kama ulimdhamini ndugu kwa nyumba yako, mbele ya benki nyumba yako ndiyo iliyosimama. Undugu hauhesabiwi. Lakini na wewe una haki ya kupewa taarifa, na una haki ya kujua salio. Usingoje shemeji akueleze, nenda mwenyewe.

Ardhi ni ya aina gani? Nyumba nyingi za mwambao wetu zimesimama kwenye ardhi ya kijiji. Baadhi ya watu wana hati ya hakimiliki ya kimila, wengine wana karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtendaji tu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mtu asiye mwanakijiji hawezi kuhamishiwa hakimiliki ya kimila bila halmashauri ya kijiji kuhusishwa. Kwa hiyo mdai anayetaka kumuuzia tajiri wa Songea kiwanja cha Lipingo ana mlango mwingine wa kupita. Usilitumie hili kama kinga ya kutolipa. Litumie kama hoja ya kupata muda wa mazungumzo.

Kuna bima? Hapa nakaa kidogo, kwa kuwa wajane wengi hupoteza nyumba bila sababu. Mikopo mingi ya benki hukatwa bima ya maisha siku ile ile fedha zinapotoka. Mkopaji akifariki, na mara nyingine akipata ulemavu wa kudumu, bima hulipa salio. Lakini bima hailipi bila kudaiwa. Pelekeni cheti cha kifo benki haraka, mkiuliza kwa maandishi: je, mkopo huu ulikuwa na bima, na tunatakiwa kuleta nini? Familia isianze kuuza ng'ombe na mashamba kulipia deni ambalo pengine bima ingelimaliza.

## Hesabu ya siku

Kwa rehani ya benki, Sheria ya Ardhi imeweka ngazi. Zijue kama unavyojua miezi ya upepo mkali ziwani.

1. Notisi ya kushindwa kulipa. Ni ya maandishi. Inatakiwa ieleze umekosea nini, kiasi gani, ufanye nini kurekebisha, na kwamba zikipita siku 60 tangu uipokee, deni lote litadaiwa kwa mkupuo na nyumba inaweza kuuzwa.
2. Notisi ya kuuza. Siku 60 zikipita bila suluhu, inakuja notisi nyingine. Benki haitakiwi kukamilisha mauzo kabla siku 30 hazijapita tangu uipate. Nakala yake inatakiwa imfikie pia mke au mume, kama nyumba ni ya familia.
3. Tangazo la mnada. Sheria ya madalali inataka tangazo la wazi la siku zisizopungua 14, katika mji mkuu wa wilaya na mahali penyewe pa mnada. Tena inataka litolewe kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Karatasi moja kwenye gazeti la Dar es Salaam ambalo halifiki Lipingo haitoshi.

Andika tarehe ya kila barua uliyoipokea, juu ya bahasha yenyewe, na aliyeileta. Tarehe hizo ndizo zitakazosimama mbele ya baraza la ardhi baadaye.

Tahadhari moja ya kwetu. Mkataba unapoandikwa, watu wengi hutoa S.L.P. ya misheni, ya shule au ya ndugu aliye mjini. Notisi inapelekwa huko, inakaa, siku zinahesabiwa. Kama anuani au namba yako ya simu imebadilika, nenda benki uandike mabadiliko na ugongewe muhuri kwenye nakala yako.

## Njia zilizopo, kuanzia ya nafuu

Kupanga upya mkopo. Hii ndiyo njia ya kwanza, na inafanya kazi vizuri kabla ya notisi kuliko baada yake. Benki haipendi minada: ni gharama, ni aibu, na nyumba ya kijijini haina wanunuzi wengi. Unaweza kuomba:

- muda uongezwe ili rejesho la mwezi lipungue;
- miezi michache ya kulipa riba tu;
- marejesho yafuate msimu badala ya kila mwezi;
- faini za ucheleweshaji zisamehewe ukilipa malimbikizo kwa pamoja.

Hilo la msimu lisisitize. Mkulima wa kahawa hapokei fedha mwezi wa Februari. Mvuvi hana cha kuuza wakati ziwa limechafuka. Kama mkataba wako ni wa kila mwezi na kipato chako ni cha mara moja kwa mwaka, tatizo lilianzia kwenye mkataba, na ofisa mikopo mwenye uzoefu analijua hilo.

Usiende mikono mitupu. Beba barua ya chama chenu cha ushirika wa wakulima (AMCOS) yenye kilo ulizopeleka na malipo yanayosubiriwa, daftari la mauzo ya dagaa, mkataba wa mpangaji, hati ya mshahara, chochote kinachoonyesha fedha itatoka wapi na lini. Beba na kitu cha kulipa, hata kidogo. Mtu aliyetoka Lipingo mpaka Mbinga akiwa na laki moja na karatasi zake husikilizwa tofauti na anayekuja na hadithi.

Kumbuka kuwa muda ukiongezwa, jumla ya riba huongezeka. Uliza kwa shilingi: mpaka mwisho nitakuwa nimelipa kiasi gani? Na makubaliano yasiachwe hewani, yaandikwe. "Ofisa alisema nisiwe na wasiwasi" si makubaliano.

Kupangisha nyumba. Kama nyumba iko Mbamba Bay au Mbinga mjini, hamieni kwa ndugu mwaka mmoja, kodi iende benki moja kwa moja. Soma kwanza kama mkataba unataka ridhaa ya benki. Kijijini kodi ni ndogo mno, sitakudanganya.

Kuhamishia mkopo kwingine. Benki au SACCOS nyingine inaweza kununua deni lako kwa riba nafuu. Ukishakuwa na malimbikizo ni vigumu, kwa sababu taarifa zako tayari ziko kwenye kumbukumbu za wakopaji ambazo taasisi zote husoma.

Kuuza mwenyewe. Wasomaji hukasirika nikifika hapa. "Nimekuuliza nitaiokoaje, wewe unaniambia niuze?" Ndiyo, kama umeshapiga hesabu na kuona kipato hakitarudi. Tuseme nyumba ina thamani ya milioni 30 na deni ni milioni 12. Ukiuza mwenyewe bila kukimbizwa, ukapata milioni 27, unabaki na 15 za kununulia kiwanja na kuanza tena. Ikiuzwa mnadani kwa milioni 23, bei ambayo sheria haiitilii shaka moja kwa moja (nitaeleza chini), unabaki na 11, na humo hukatwa ada ya dalali, gharama za matangazo na riba iliyoendelea kupanda. Nyumba ni ile ile.

Utaratibu wake:

1. Mwarifu mdai kwa barua kwamba unatafuta mnunuzi, uombe muda.
2. Pata maandishi ya salio kamili na tarehe ya mwisho ya salio hilo kutumika.
3. Mnunuzi alipe deni moja kwa moja kwa benki, na kinachobaki alipe kwako. Usipokee fedha yote mkononi.
4. Mwenzi wako asaini. Halmashauri ya kijiji ihusishwe kama ardhi ni ya kijiji.
5. Uliza TRA kuhusu kodi kabla ya kukubaliana bei.

Pengine huna haja ya kuuza nyumba yote. Kipande cha shamba, boti, injini, mashine ya kukoboa: anza na hivyo. Nimeona watu wakishikilia pikipiki mbili huku nyumba ikiondoka.

## Kuhusu mke na mume

Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani kihalali bila ridhaa ya mwenzi anayeishi humo. Mkopeshaji naye ana wajibu wa kuuliza na kuchukua hatua za kutosha kujua kama mkopaji ana mwenzi. Kama hukusaini na hukuulizwa, una hoja ya kweli, ipeleke mapema.

Lakini zipo mbinu zinazowageukia wenyewe. Mume anaapa kwa kiapo kwamba hana mke, anapewa mkopo, kisha mambo yakiharibika mke anasukumwa mbele akashtaki. Benki itatoa kile kiapo na kusema ilifanya wajibu wake, na mahakama inaweza kuikubali. Mke wa kweli ndiye anayeumia. Kama una wasiwasi na mwenzako, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakuruhusu kuweka zuio kwenye nyumba ya ndoa kabla ya matatizo. Halihitaji ugomvi nyumbani, linahitaji safari ya ofisi ya ardhi.

## Kwenda kwenye baraza au mahakama

Nenda ukiwa na kosa la kuonyesha: notisi haikutolewa, deni limekokotolewa vibaya, ulishalipa, mwenzi hakuridhia, saini ni ya kughushi. Ukienda kuomba huruma tu, zuio la muda halitoki, au likitoka litaondolewa, na riba itakuwa imeendelea kutembea wakati wewe unalipa nauli na wakili. Mahakama zetu bado zinafuata vigezo vya shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la 1969: kuwe na hoja nzito ya kusikilizwa, kuwe na hasara isiyofidika, na mizani ya usumbufu ielemee upande wako.

- Baraza la kata tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu.
- Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ndilo linalosikiliza, na Mahakama Kuu iko Songea.
- Kama huna fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri anaweza kukuelekeza kwa waliosajiliwa.

Swali linaloulizwa sana: "Sikuweka nyumba rehani, lakini nimeshindwa kesi ya deni. Wanaweza kuichukua?" Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaikinga na ukamataji nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake, na vilevile shamba ambalo ndilo riziki yake yote. Mdaiwa asipoitaja kinga hiyo, dalali wa mahakama hatamkumbusha. Mahakama ya mwanzo ina kanuni zake, kwa hiyo uliza kwanza shauri lako liko wapi. Na kinga hii haikusaidii kwa nyumba uliyoiweka rehani kwa hiari.

## Mnada ukifika

Mpaka nyumba inapouzwa, bado unaweza kulipa deni lote na kuikomboa. Baada ya hapo mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa sana, na kumng'oa ni kazi kubwa.

Uwepo mnadani, au mtume mtu mtulivu. Aandike waliofika, bei zilizotajwa, aliyenunua. Mdai ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayopatikana. Bei ikiwa chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka mdai athibitishe vinginevyo, na unaweza kuomba mauzo yabatilishwe. Ndiyo maana tathmini ya mthamini aliyesajiliwa, uliyoifanya kabla, ina thamani kuliko kelele za siku ya mnada. Kama nyumba imeuzwa kwa amri ya mahakama, kuna siku 30 tu za kuomba mauzo yatenguliwe.

Kisha dai mchanganuo: imeuzwa kiasi gani, gharama zipi zimekatwa, deni limelipwa kiasi gani. Kinachozidi ni chako.

Msimpige dalali, msimfungie njia, msing'oe mabati usiku. Kesi ya madai hugeuka ya jinai, na hoja zako nzuri zinapotea humo.

## Makosa ninayoyaona mara kwa mara

- Kukopa kausha damu ili kulipa benki. Deni la riba ya mwaka linageuzwa la riba ya wiki.
- Kumpa ofisa mikopo fedha mkononi bila risiti. Lipa kwenye akaunti.
- Kusaini karatasi tupu "ili kuharakisha".
- Kuhamishia nyumba kwa jina la mtoto baada ya kuweka rehani. Haizuii mnada, na inakufanya uonekane tapeli.
- Kumwamini mtu anayesema ana "mtu wake" mahakamani atakayezuia mnada kwa laki tatu.
- Kumficha mwenzi. Mara nyingi yeye ndiye mwenye akiba ya kikundi au kaka wa kusaidia.

Na ukifanikiwa kumaliza deni, usirudi nyumbani na risiti ya mwisho tu. Dai hati yako, pamoja na hati ya kufuta rehani, uipeleke kusajiliwa: kwa Msajili wa Hati kama ni hati ya kawaida, au masjala ya ardhi ya kijiji na ya wilaya kama ni ya kimila. Nyumba ambayo daftari bado linaionyesha kuwa rehani itawasumbua watoto wako siku ya mirathi, wakati benki yenyewe pengine imeshabadili jina.